Foleni hutembea kinyumenyume

Weka watu wawili juu ya daraja la waenda kwa miguu pale Manzese, Dar es Salaam, kila mmoja na kalamu na karatasi yake. Wa kwanza apande saa nne asubuhi, wa pili saa kumi na mbili jioni. Kazi ni ileile: kuchagua njia moja ya Barabara ya Morogoro na kuchora kamstari kila gari linapopita chini ya miguu yao, kwa dakika kumi. Inawezekana kabisa wote wawili wakashuka na idadi moja, tuseme magari 171. Muulize wa kwanza, atasema barabara ilikuwa nyeupe, magari yanapita yakivuma. Muulize wa pili, atasema kulikuwa na foleni ya kufa mtu. Konda mmoja alishuka, akanunua mahindi ya kuchoma, akalifukuzia gari lake kwa miguu na akalipata. Karatasi zao zinafanana kama mapacha.

Kilichokosekana kwenye karatasi ni nafasi kati ya gari na gari. Asubuhi ilikuwa mita 50 hivi. Jioni ilikuwa mita nane na kidogo, ukipima kutoka pua ya gari hadi pua ya linalofuata.

Wanaofanya hesabu za barabara wana vipimo vitatu. Mtiririko ni magari mangapi yanakupita kwa saa, na ndicho kitu pekee walichohesabu wale wawili. Msongamano ni magari mangapi yamo ndani ya kilomita moja ukiipiga picha kutoka juu. Cha tatu ni kasi, ambayo ningeiita mwendokasi kama neno hilo lisingekuwa limeshachukuliwa na mabasi. Vitatu hivi vimefungwa kamba moja: mtiririko ni msongamano mara kasi. Kilomita yenye magari 20 yanayokwenda kilomita 50 kwa saa itapitisha magari 1000 kwa saa. Hilo halina ubishi. Ubishi unaanza ukiuliza kasi inashukaje msongamano unapopanda.

Wa kwanza kulijibu kwa vipimo alikuwa mhandisi Mmarekani, Bruce Greenshields. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitega kamera ya sinema kando ya barabara huko Ohio, kisha akakaa na picha moja baada ya nyingine akipima gari limesogea kiasi gani. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1935 yalikuwa mstari ulionyooka: kadiri magari yanavyozidi ndani ya kilomita, ndivyo kasi inavyoshuka, hatua kwa hatua, mpaka yabanane na kusimama.

Tuupe mstari huo namba za kufanyia mazoezi. Barabara tupu, kasi ni kilomita 60 kwa saa. Bampa kwa bampa, magari 140 kwa kilomita, kasi ni sifuri. Katikati ya hapo mambo yanakuwa hivi: magari 20 kwa kilomita yanakwenda kilomita 51 kwa saa na kukupa mtiririko wa 1029. Magari 70 yanakwenda kilomita 30 na kukupa 2100, na hapo ndipo kilele. Magari 120 yanatambaa kwa kilomita 8 na nusu na kukupa 1029 tena. Gawa 1029 kwa sita upate dakika kumi: 171. Wale wawili wa Manzese walikuwa wamesimama miguu miwili ya kilima kimoja.

Umbo hilo la kilima ndilo moyo wa somo zima. Mstari ulionyooka wenyewe haujadumu. Mwaka 1959 Harold Greenberg alitumia vipimo vya handaki la Lincoln, linalopita chini ya mto Hudson kuingia New York, akachora mkunjo mwingine, na baada yake wamekuja wengi kila mmoja na mkunjo wake. Kilima kimebaki. Upande wake wa kushoto, ukiongeza magari, yanayopita yanaongezeka. Upande wa kulia, kila gari unaloongeza linapunguza idadi ya yanayopita. Barabara ileile, lami ileile.

Juu ya daraja: magari kama maji

Mwaka 1955 James Lighthill na Gerald Whitham wa Chuo Kikuu cha Manchester walichapisha kupitia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, makala mbili zinazofuatana. Ya kwanza ilieleza jinsi mafuriko yanavyosafiri katika mito mirefu. Ya pili ilieleza magari kwenye barabara ndefu zilizojaa. Mwaka uliofuata Paul Richards, huko Marekani, akafika palepale bila kupitia kwao, na ndiyo maana modeli hii inabeba majina yao watatu.

Wazo lao angelitambua mwenye duka yeyote. Chukua kipande cha barabara kati ya nguzo mbili za umeme, kisicho na kichochoro. Magari yaliyoingia, toa yaliyotoka, ndiyo yaliyoongezeka humo ndani. Sawa na mali iliyoletwa, toa iliyouzwa, ndiyo iliyobaki kwenye rafu. Ukiliunganisha hilo na kilima cha Greenshields unapata mlinganyo mmoja ambao hauna habari na dereva yeyote. Haujui nani ana haraka na nani anaongea na simu. Unajua msongamano tu, na jinsi unavyosafiri.

Sasa mlete trafiki. Njia moja inaleta magari 30 kwa kila kilomita. Kwa mstari wetu yanakwenda kilomita 47 kwa saa, mtiririko 1414. Trafiki ananyoosha mkono, gari la kwanza linasimama, na nyuma yake yanaanza kujipanga bampa kwa bampa. Mkia wa foleni unasogea kwa kasi gani? Kanuni ni fupi: tofauti ya mitiririko gawa kwa tofauti ya misongamano. Sifuri toa 1414, gawa kwa 140 toa 30. Jibu ni karibu 13, likiwa na alama ya kutoa mbele yake. Mkia unakwenda kinyume cha magari, kilomita 13 kwa saa, kama mtu anayekimbia mazoezi ya asubuhi. Hakuna gari hata moja linalorudi nyuma. Kinachorudi ni mahali pa kusimamia.

Mkono wa trafiki ukikaa juu kwa dakika kumi, mkia utakuwa umefika mita 2140 kutoka makutano. Kisha anaruhusu. Gari la kwanza linaondoka, la pili linangoja nafasi ifunguke, la tatu linangoja la pili. Habari kwamba njia imefunguliwa nayo inasafiri kinyumenyume, na tukichukulia kwamba magari yanaondoka kwa mtiririko wa kilele (2100, yakiwa 70 kwa kilomita), kanuni ileile inatoa kasi yake: kilomita 30 kwa saa. Kwa hiyo nyuma ya trafiki kuna mbio za vitu viwili visivyoshikika. Mkia unakimbia kwa 13, ruhusa inaufukuza kwa 30, na mkia umetangulia kwa zaidi ya kilomita mbili. Piga hesabu: ruhusa inaukamata mkia baada ya dakika saba na nusu, umbali wa kilomita 3.75 kutoka makutano.

Fikiria sasa uko ndani ya daladala inayofika kilomita 3.5 kutoka kwa trafiki, huku mkia ukiwa umeshafika hapo. Gari linasimama. Wakati huo trafiki ameshaachia kwa dakika sita na zaidi. Unakaa sekunde 40 tu, abiria mmoja anachungulia dirishani kuuliza kama kuna ajali, halafu mnaondoka. Dakika saba baadaye mnapita makutano: hakuna ajali, hakuna gari bovu, trafiki anapunga mkono kwa utulivu kabisa. Abiria wanabishana. Kilichowasimamisha kilitokea dakika 16 kabla hamjafika, na wakati kinawafikia kule nyuma, kule mbele kilikuwa kimeshakwisha.

Ndiyo maana madereva wengi huapa kwamba foleni fulani haikuwa na sababu. Sababu ilikuwepo, ila haikuwa na anwani moja.

Na hesabu inaendelea. Gari la mwisho kukamatwa liko kilomita 3.75 nyuma na linasogea kwa kilomita 30 kwa saa, hivyo litahitaji dakika nyingine saba na nusu kuvuka. Jumla ni dakika 15 za kuruhusu ili kufuta dakika kumi za kuzuia. Trafiki akinyoosha mkono tena kwenye dakika ya kumi, kuna magari yatakayosimama mara mbili kwa makutano yaleyale, na mkia wa raundi ya pili utaanzia mbali zaidi. Sina ugomvi na trafiki. Naye ana barabara tatu nyingine zinazompigia honi. Ila dakika zake kumi si dakika kumi kwa mtu aliye kilomita tatu nyuma.

Kwenye usukani

Maji ya Lighthill na Whitham yana kasoro mbili. Ya kwanza, gari lao linatoka kilomita 47 hadi sifuri papo hapo, jambo ambalo mwili wa abiria aliyesimama mlangoni hauwezi kukubaliana nalo. Ya pili ni nzito zaidi: katika modeli yao foleni haiwezi kuzaliwa bila kitu cha kuizaa. Lazima kuwe na mkono wa trafiki, taa, mwinuko wa barabara, njia iliyofungwa. Ukianza na magari yaliyopangana sawasawa, yatabaki sawasawa milele.

Kuna foleni ambazo hazikuanzia hivyo, na za namna hiyo huuoni mwanzo wake mpaka ushuke darajani ukakae nyuma ya dereva.

Miaka ya 1950 watafiti wa General Motors, kampuni ya magari ya Marekani, akiwemo Robert Herman, waliweka magari mawili kwenye uwanja wa majaribio na kuyaunganisha kwa waya uliozungushwa kwenye kigurudumu, ili kila gari la mbele linaposogea ijulikane umbali umebadilika kiasi gani na dereva wa nyuma amefanya nini. Mwaka 1958 Chandler, Herman na Montroll wakatoa kanuni yao. Dereva huongeza au kupunguza mwendo kulingana na tofauti ya kasi kati yake na aliye mbele, ila anachelewa kidogo: jicho linaona, akili inaelewa, mguu unahama. Kuchelewa huko kwa wengi ni sekunde moja au moja na nusu.

Namba mbili zinaamua kila kitu: muda wa kuchelewa, na ukali wa mguu, yaani dereva anavyojibu kwa nguvu tofauti ndogo ya kasi. Zizidishe. Jibu likiwa chini ya nusu, breki ndogo ya mbele inafifia kadiri inavyopokezwa nyuma, na gari la kumi halitahisi kitu. Likizidi nusu, kila dereva anakanyaga kidogo zaidi ya aliyemtangulia. Wa kwanza aliinua mguu kwenye mafuta tu. Wa tano anagusa breki. Wa kumi na mbili taa zake nyekundu zinawaka kabisa, wa ishirini amesimama, na wa kwanza ameshafika kwake anafungua geti. Hakuna kati yao aliyekosea. Madereva waliopimwa na General Motors walikuwa jirani kabisa na mpaka huo wa nusu, jambo ambalo linaeleza mengi.

Mwaka 2008 Wajapani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walionyesha jambo hili kwa macho. Walichora duara lenye mzingo wa mita 230, wakaweka magari 22 na kuwaambia madereva waende kama kilomita 30 kwa saa wakiacha nafasi salama. Hakuna taa, hakuna makutano, hakuna wa kuchomekea. Mwanzoni magari yalizunguka vizuri kama watoto kwenye mchezo. Kisha mmoja akasogea karibu kidogo, mwingine akapunguza, na baada ya muda mfupi kukawa na kundi la magari yaliyosimama kabisa, likizunguka duara kinyume cha magari kwa karibu kilomita 20 kwa saa. Gari linaingia kwenye kundi kwa nyuma, linasubiri, linatoka kwa mbele. Kundi lenyewe linabaki, limebadilisha magari yote. Kama baraza la kahawa ambalo kila saa lina watu wengine lakini halijawahi kuwa tupu.

Kilichofuata Marekani kinanisumbua kila nikiwa barabarani. Huko Tucson, Arizona, mwaka 2016, watafiti walirudia duara hilo, ila gari moja kati ya ishirini na kidogo lilikabidhiwa kompyuta. Kompyuta haikufanya ujanja mkubwa. Ilishika kasi ya wastani ya kundi, ikaruhusu nafasi ifunguke mbele yake pale wengine wanapokimbilia kuziba, na nafasi hiyo ikalimeza wimbi. Gari moja likatuliza yote, na mafuta yaliyotumika yakapungua hadi kwa asilimia 40.

Jaribu hilo Barabara ya Mandela. Acha nafasi ya magari mawili mbele yako kwa nia njema ya kumeza wimbi, uone itadumu sekunde ngapi kabla bajaji haijachomekea, nyuma yake pikipiki mbili, na nyuma yako mtu wa honi anayekuona umelala. Tiba ya Arizona inahitaji nafasi iheshimiwe, na kwetu nafasi ni mwaliko.

Vizibo na dadu

Milinganyo ya usukani ina gharama: magari elfu kumi ni milinganyo elfu kumi, yote ikitatuliwa kwa pamoja. Mwaka 1992 Wajerumani wawili, Kai Nagel na Michael Schreckenberg, walipata njia ya mkato inayoweza kuchezwa mezani. Chora duara la vyumba 40. Kila chumba ni mita saba na nusu za barabara, nafasi ya gari moja lililobanana pamoja na pengo lake. Weka vizibo kumi vya soda popote, viwe magari. Kila zamu ni sekunde moja, na kila kizibo kina kasi kuanzia 0 hadi 5, ikimaanisha vyumba kwa zamu.

Zamu ina hatua nne. Kila kizibo kinaongeza kasi kwa moja kama hakijafika tano. Kisha kinatazama vyumba vitupu vilivyo mbele yake. Kama ni vichache kuliko kasi yake, kasi inashuka ilingane navyo. Kisha kirushie dadu: ikitua moja, kasi yake inapungua kwa moja bila sababu. Halafu vyote vinasogezwa pamoja.

Hatua ya dadu ndiyo roho ya mchezo. Iondoe, na vizibo vilivyopangwa kwa nafasi sawa vitazunguka bila kugombana. Irudishe, na ndani ya zamu chache utaona vizibo vitatu vimegandana upande mmoja wa duara, na ule mgando unahama kinyumenyume chumba baada ya chumba. Dadu ni ile simu iliyoita, kandambili iliyoteleza kwenye pedali, abiria aliyepiga kelele "shusha!" akiwa ameshapitishwa kituo. Kwa kompyuta mchezo huu ni mwepesi kiasi kwamba ulitumika kukadiria hali ya barabara kuu za jimbo zima la Nordrhein-Westfalen, Ujerumani.

Kati ya usukani na daraja kuna ngazi ya katikati, ambayo nitaipita haraka kwa kuwa inawafaa wataalamu kuliko sisi. Ilya Prigogine, Mbelgiji aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1977, aliyachukulia magari kama molekuli za gesi. Huulizi gari hili linakwenda mwendo gani, wala hutosheki na wastani wa wote. Unauliza ni sehemu gani ya magari yanakwenda 20, sehemu gani 40, sehemu gani 60, na yakikutana yanabadilishanaje. Mwaka 1971 yeye na yuleyule Herman wa General Motors walilitolea wazo hilo kitabu kizima. Umuhimu wake mkubwa ni kuwa kiungo: kutoka kanuni za dereva mmoja unapanda kwa hesabu hadi kwenye maji, badala ya kuyakisia maji.

Kupanda huko kuliwahi kuzua msiba na ufufuo. Kuanzia mwaka 1971 baadhi ya wataalamu waliboresha maji ya Lighthill kwa kuyapa mlinganyo wa pili, ulioazimwa karibu mzimamzima kutoka kwenye fizikia ya vimiminika, ili kasi isibadilike papo hapo. Mwaka 1995 Carlos Daganzo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akaandika makala aliyoipa jina la ibada ya maiti, akaizika familia yote hiyo. Hoja yake inaeleweka bila hesabu: tone la maji husukumwa na lililo nyuma yake, lakini dereva haendi mbele kwa sababu nyuma yake kuna gari. Anaangalia mbele. Milinganyo ile ilisahau jambo hilo, na ukiibana vizuri ilitoa magari yanayokwenda kinyume barabarani. Mwaka 2000 Aw na Rascle wakajibu kwa makala iliyotangaza ufufuo, wakiwa wamerekebisha kipengele kimoja ili habari isitoke nyuma kulipita gari. Ni mara chache utaona wanahisabati wakichapana kwa lugha ya makaburini.

Barabara isiyo na mistari

Karibu yote niliyoeleza yanadhani magari yamepanga mstari, moja nyuma ya jingine, kila moja ndani ya njia yake. Duara la Japani lilikuwa hivyo. Barabara zetu sivyo. Kati ya lori na daladala kuna bodaboda, kushoto kwenye vumbi kuna aliyetanua, na kwenye taa nyekundu pikipiki zote zinachuja kwenda mbele mpaka zinasimama juu ya alama za wavukao. "Aliye mbele yangu" ni nani hapo? Kwa dereva wa bajaji wapo watatu, na wa nne anakuja kwa pembeni.

Dawa ya zamani ni kubadilisha kila chombo kuwa magari madogo, kama sarafu: pikipiki ni sehemu ya gari, lori ni zaidi ya moja, basi nalo lina bei yake. Inasaidia kwa kupima upana wa barabara ya kujenga. Haisaidii kueleza kwa nini foleni imesimama kabisa huku pikipiki hamsini zimepita, kwa sababu baada ya kubadilisha sarafu zote ni magari, na magari yamesimama.

Jibu ninalolipenda lilitolewa mwaka 2011 na Nair, Mahmassani na Miller-Hooks, waliokuwa wakifikiria barabara za aina yetu. Waliazima picha kutoka kwa maji yanayopenya kwenye kokoto. Magari makubwa ni kokoto. Mapengo kati yake ni vinyweleo. Kila chombo kina upana wa chini wa pengo kinachoweza kupenya, na kadiri barabara inavyojaa ndivyo mapengo mapana yanavyokwisha kwanza. Lori linakwama mapema, gari dogo baadaye, bajaji baadaye zaidi, na bodaboda inapenya mpaka karibu na mwisho. Kwa hesabu hiyo barabara moja ina vilima vingi, kimoja kwa kila chombo, na saa moja unaweza kuwa upande wa kulia wa kilima chako huku kijana wa boda akiwa upande wa kushoto wa chake. Yeye hajavunja kanuni za hesabu. Anaishi kwenye mkunjo mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo kilima hakilioni hata ukikichora vizuri: kinahesabu vyombo. Wale wawili wa Manzese kila mmoja aliandika kamstari kamoja kwa gari lenye mtu mmoja na kamoja kwa Coaster iliyojaa hadi mlangoni. Tangu Mei 2016, katikati ya barabara ileile kunapita mabasi ya mwendokasi, kwenye njia yao wenyewe. Mtu akihesabu njia hiyo kwa vyombo ataandika kwamba ni tupu kwa muda mwingi na atashangaa kwa nini haikutolewa kwa magari. Akihesabu vichwa, karatasi yake itakuwa tofauti kabisa.

Kutoka angani

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kilima ni cha kipande cha barabara, na kwamba mji wenye mitaa mamia ni vurugu isiyo na umbo. Mwaka 2008 Nikolas Geroliminis na Daganzo, yule wa mazishi, walichukua takwimu za Yokohama: vihisi vya barabarani pamoja na teksi zenye GPS. Mtaa mmojammoja ulitoa nukta zilizotawanyika kama mchele uliomwagika. Walipozijumlisha kwa eneo zima, magari yote yaliyomo dhidi ya safari zinazokamilika, nukta zikajipanga kwenye mkunjo mmoja safi. Mji nao ulikuwa na kilima chake. Mwaka 2009 Daganzo na wenzake wa Berkeley walitumia mtazamo huo kuandika ripoti kuhusu usafiri wa Nairobi, jiji ambalo barabara zake kuu nyingi zinamiminikia katikati, mahali pamoja.

Katika ngazi hii hakuna dereva, hakuna breki, hakuna hata makutano. Kuna swali moja: magari mangapi yamo ndani ya eneo sasa hivi? Yakiwa machache kuliko kilele, karibisha. Yakizidi, kila gari linaloruhusiwa kuingia linachelewesha yaliyomo kutoka, nayo yaliyomo yanaziba midomo ya mitaa, na mji unateremka mguu wa kulia wa kilima chake.

Mrudie sasa trafiki wetu saa kumi na mbili jioni. Mbele yake kuna mkia ambao, kwa hesabu ya darajani, unahitaji dakika 15 za kuruhusiwa, na watu wa nyuma wanastahili kuzipata. Lakini nyuma ya mgongo wake kuna eneo ambalo, kwa hesabu ya angani, huenda limeshapita kilele, na kila anachokiingiza kinalizidishia. Hesabu zote mbili ni sahihi. Yeye anaona bampa za magari ishirini, anasikia honi za barabara nne, ana filimbi, na simu ya upepo inayomwuliza kwa nini upande ule haujaachiwa.